Sakafu Niliyoipiga Nta Siku ya Alhamisi

Ninyi vijana mliokabidhiwa funguo za ukumbi, kaeni chini mnisikie. Wewe Wafula, toa mguu juu ya benchi. Najua uko juu ya benchi hata kama sikuoni. Siku ya kuniaga mlinipa leso mbili na saa ya ukutani, nikasema asante, lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza neno kuhusu kazi. Mlikuwa mnaangalia keki. Kwa hiyo naandika. Kuandika nimejifunza ukubwani, herufi zangu zimelala kama wagonjwa, na nikikosea mtanisahihisha ninyi mliosoma. Vyeo na mishahara siandiki, hayo yako kwenye faili, na faili haina haja na mimi.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya sabini. Baba Kamau alikuwa amefariki, na mimi nilikuwa na watoto watatu katika chumba kimoja Shauri Moyo. Siku ya kwanza nilikuja na ufagio wangu wa vijiti kutoka nyumbani, nikidhani kufagia ni kufagia. Mtunza ukumbi wakati huo alikuwa Mzee Musembi, Mkamba mrefu, mpole, aliyetembea kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili.

Akautazama ufagio wangu. "Mama, umekuja kufagia boma?"

"Nimekuja kufagia nitakachoonyeshwa."

"Basi uache nje huo. Viatu pia vua. Sakafu hii ni ya mbao, na mbao ni kama ng'ombe, huanza kukujua kwa mguu."

Nilivua. Mbao zilikuwa baridi, laini, na zilitoa sauti ndogo chini ya kisigino changu, kama mtu anayeitika akiwa usingizini. Sijawahi kuisahau sauti hiyo. Ninyi mmeweka redio, hamwezi kuisikia.

Mzee Musembi alinifundisha nta, ile nyekundu ya debe. Unachota kidogo kwenye debe, kiasi cha ukucha wa kidole gumba, unaipaka kwa kitambaa ukifuata mwendo wa mbao, si kuukata. Unaiacha ikauke. Halafu unavaa brashi mguuni, ile yenye ukanda, unasugua ukienda mbele na nyuma, mguu mmoja ukifanya kazi na mwingine ukikusindikiza. Mwisho blanketi kuukuu, unalivuta mpaka uone dirisha chini yako. Nikipaka nyingi alinikamata mkono. "Nta nyingi si mapenzi, Mama Kamau. Ni uvivu wa kurudia."

Na alinifundisha kalenda ya ukumbi, ambayo ninyi mmeibandika ukutani kana kwamba karatasi inatosha. Jumanne akina mama wa cherehani. Jumatano mazoezi ya ngumi, Ijumaa jioni mapambano. Jumamosi dansi. Jumapili ibada. Ukumbi ni ule ule, lakini kila siku huamka ni mtu mwingine. Nta ilipakwa Jumamosi asubuhi tu, baada ya ngumi na kabla ya dansi. Hiyo ilikuwa sheria. Hakunieleza kwa nini, na mimi sikuuliza, maana wakati ule nilidhani kuuliza ni kuonyesha ujinga. Ninyi ulizeni.

Sasa niwaambie jambo ambalo hata watoto wangu hawalijui vizuri. Jumapili nilikuwa nafika alfajiri, kuisafisha sakafu kabla watu wa kanisa hawajaja. Jua la upande wa Buruburu liliingia kwa madirisha ya juu likalala sakafuni kama maji yaliyomwagwa polepole. Na ndani ya mwanga ule niliona nyayo. Dansi ya jana ilikuwa imeandikwa pale yote. Visigino vya wanawake vilikuwa alama ndogo kama senti, soli za wanaume zilizunguka zikaacha mwezi mwembamba kila mahali walipogeuka. Nilijua nani alicheza karibu na nani alicheza mbali. Nilijua nani alikuja peke yake akasimama ukutani mpaka mwisho, nikamhurumia. Sikuwa nimesoma zaidi ya darasa la pili, lakini ile sakafu niliisoma.

Nilivaa brashi mguuni nikazifuata zile alama, nikizifuta nilipopita. Hatua mbili mbele, moja pembeni, geuka. Hivyo ndivyo nilivyojifunza rumba, bila muziki na bila mwanamume.

Mzee Musembi alinikuta siku moja. Alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Mama Kamau, hiyo kona umeipiga brashi mara nne."

"Ina uchafu."

"Uchafu gani huo unaohitaji kiuno?"

Nikahamia kona nyingine. Nilikuwa mjane, nilikuwa katika kikundi cha akina mama wa kanisa, nilivaa kitambaa cheupe kichwani kila Alhamisi ya maombi. Lakini nikiwa pale peke yangu, na vumbi likipanda kwenye jua kama moshi wa ubani, nilikuwa mwanamke mwingine kabisa. Sikujua jina lake. Nilijua tu kwamba hakuchoka.

Aliyemtoa hadharani ni Onyango, fundi wa viatu aliyekaa kwenye baraza ya ukumbi, akitengeneza viatu vya wachezaji dansi. Wiki moja kulikuwa na mashindano ya dansi ya mtaa siku ya Jumamosi, na mwenzake wa kucheza naye alikuwa amehamia Kisumu.

"Mama, cheza na mimi. Hatua unazijua, nimekuona kwa dirisha."

"Ulikuwa unachungulia?"

"Nilikuwa nangoja ufunguo wa choo. Ulichelewa kunipa, nikaona mengi."

Nilikataa Jumatatu, nikakataa Jumanne. Jumatano nikamuuliza viatu vya kukodi vinapatikana wapi.

Hapa anaingia Barasa, na nyinyi mnaomjua Barasa kama kocha mzee wa kupiga kelele, msahauni huyo. Barasa wa wakati ule alikuwa kijana wa miaka ishirini na tatu, mtu wa Bungoma, kibarua wa kubeba magunia Industrial Area. Asubuhi alisimama langoni pa kiwanda na wengine mia, akingoja kunyooshewa kidole. Lakini alikuwa na ngumi. Viwanda vikubwa wakati huo vilikuwa na timu zao za ngumi, na bondia mzuri aliajiriwa kazi ya kudumu, akapewa na chumba. Kampuni moja ilikuwa imesema itatuma watu kumtazama Ijumaa ile. Akishinda, au hata akipigana vizuri, Jumatatu ataingia langoni bila kungoja kidole. Mkewe alikuwa mjamzito. Mtaa mzima ulijua. Hata sisi wa kanisa tulimwombea, ingawa maombi tuliyaita kwa jina lingine, tukasema tunamwombea kijana anayetafuta kazi.

Sasa, nta ya siku moja hushika kiatu. Nta ya siku mbili huachilia. Hilo nililigundua mwenyewe kwa miguu yangu, na nilijivunia. Nilitaka Jumamosi yangu iwe na nta ya siku mbili. Nikajiambia: ulingo wetu si wa kuinuliwa, ni magunia ya katani yaliyotandazwa sakafuni, juu yake turubai, na turubai limefungwa kwenye nguzo nne za chuma. Nani atakanyaga mbao? Magunia ni mazito. Ijumaa itapita juu ya nta wala haitajua.

Alhamisi mchana Mzee Musembi alikuwa ameenda kliniki ya macho. Nikafungua debe.

Niliipaka vizuri kuliko siku nyingine yoyote maishani mwangu. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Ningeipaka vibaya, pengine isingeteleza.

Ijumaa jioni ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Watu wa kampuni walikaa mstari wa mbele, wawili, na kofia zao magotini. Raundi ya kwanza Barasa alikuwa kama mtu anayepepeta mchele, mkono wa kushoto unaenda na kurudi, huuoni ukitoka. Raundi ya pili akamsukuma mwenzake kwenye kona, akakanyaga kwa nguvu kutoa mkono wa kulia, na turubai likatembea. Niliona kwa macho yangu. Fundo la kona lilikatika, magunia yakaondoka chini yake kama mkeka unaovutwa, na Barasa akaanguka chini na uzito wake wote juu ya kifundo cha mkono. Hakuwa amepigwa hata ngumi moja wakati ule. Tulisikia mfupa.

Refa akahesabu. Watu wa kampuni wakavaa kofia.

Hata kabla hajatolewa nje, maneno yalishaanza. "Ameanguka bila kuguswa." "Ameuza." "Wamempa ngapi?" Mwingine akasema amelewa. Mwanamke mmoja karibu yangu, ambaye alikuwa amemwombea Jumapili, akasema, "Hawa vijana wa siku hizi, tumbo kwanza." Nilikunja magunia nikaona chini yake yalikuwa yanang'aa mekundu kwa nta, nikaugeuzia ndani upande huo.

Jumamosi nilicheza. Siwafichi. Ninyi mngetaka niseme nilikaa nyumbani nikilia, lakini nilicheza. Nilivaa viatu vya kukodi vya rangi ya maziwa, Onyango alinishika mgongoni kama anavyoshika kiatu kizuri, na sakafu ile ya siku mbili ikatuchukua. Sikuwa Mama Kamau, wala mama wa ufagio, wala mjane wa mtu. Taa zilizunguka, na kwa dakika chache nilikuwa sina uzito. Tukawa wa pili. Nilirudi nyumbani nikitembea kwa vidole, na sikumkumbuka Barasa mpaka nilipofika mlangoni kwangu.

Jumapili alfajiri nikaingia kusafisha. Jua likaja kama kawaida. Na kwa mara ya kwanza niliona visigino vyangu mwenyewe sakafuni, vikizunguka vizuri kabisa, nikavifuata kwa macho kuanzia mlangoni. Vilipofika katikati, vilikuwa vimepita juu ya mkwaruzo mpana, mrefu, uliokatisha mbao, mahali magunia yaliposerereka na kuichuna nta. Nilikuwa nimecheza juu yake usiku ule bila kuuhisi.

Mzee Musembi alikuwa nyuma yangu. Macho yake yalikuwa yameanza kuisha, lakini alipiga goti akapitisha kiganja.

"Hii ni ya Alhamisi," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

Akakifuta kiganja kwenye suruali. "Ukisema, watakufukuza. Una watoto watatu. Mimi nimebakiza miezi michache nirudi Machakos. Nitasema nilipaka mimi. Mzee kipofu amesahau siku. Watacheka, yataisha."

"Na Barasa?"

"Jina lake litasafishwa vile vile. Sabuni ni ile ile, hata ikiwa mkononi mwa nani."

Nilikubali. Jumatatu nilikubali, Jumanne nilikubali, na nililala vizuri, mjue hilo pia. Lakini Jumanne jioni nilipita karibu na bomba la maji pale mtaani, nikamkuta mke wa Barasa amesimama na mtungi wake nyuma ya foleni. Kila mwanamke aliyefika alijisogeza mbele yake, na hakuna aliyemwambia samahani. Yeye hakulalamika. Alishika tumbo akangoja. Ndipo nikaona kwamba jina la mtu likisafishwa kwa uongo mdogo, watu watanusa uongo, na watasema mzee amehongwa pia. Watachafuka Musembi na Barasa wote wawili.

Jumatano mabondia walikusanyika kabla ya mazoezi. Barasa alikuwa kwenye benchi, mkono umefungwa plasta, hakuna aliyekaa karibu naye. Msimamizi wa ukumbi, mkubwa wetu wa kazi, alikuwepo. Mzee Musembi akasimama, akasafisha koo. Nikasema kabla yake.

"Nta nilipaka mimi. Alhamisi. Mzee alikuwa kliniki. Nilipaka kwa sababu Jumamosi nilikuwa nacheza dansi na nilitaka sakafu iwe nyepesi. Magunia yaliteleza. Huyu kijana hakuuza kitu. Mwenye swali aje ayaone magunia."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mama wa kanisa? Dansi?" na mwingine akacheka, kisha akaacha.

Barasa alinitazama. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Akaniuliza, "Hiyo dansi, ilikuwa tamu?"

Ningesema hapana. Ilikuwa rahisi kusema hapana.

"Ilikuwa tamu," nikasema.

"Afadhali. Ingekuwa haina utamu, ningekuwa nimevunjika bure." Akainuka akatoka nje, na kwa mwezi mzima hakukanyaga ukumbini. Msidhani alikuwa anatania. Nilimwona uso.

Kazi ya kampuni hakuipata. Mkono ulipona umepinda kidogo, kama mlivyouona. Lakini jioni ile ile vijana wa ngumi walienda kwake wote, na kesho yake mkewe alichota maji zamu yake ilipofika. Mimi msimamizi alinitoa ukumbini akanipa vyoo kwa miezi mitatu. Vyoo vina faida yake, hakuna anayekuchungulia dirishani. Kikundi cha akina mama kikaniambia nikae benchi la nyuma bila kitambaa cheupe kwa muda. Nikakaa.

Barasa aliporudi, alirudi kufundisha. Bondia lazima afungwe bendeji mkononi kabla ya glavu, na mkono uliopinda hauwezi kukaza bendeji. Siku moja akapiga kelele kutoka ulingoni mpaka chooni: "Wewe Mama wa Nta! Njoo hapa ufunge. Mkono wangu uliuvunja, sasa leta mikono yako."

Nilienda. Nilifunga vibaya, akafungua, akasema rudia. Nilirudia mara saba. Kifundo kwanza, kisha kiganja, kisha kati ya vidole, usikaze damu isipite, usilegeze mfupa ukacheza. Kwa miaka mingi baada ya hapo nilikuwa mtu wa ngumi. Nilijua uzito wa kila bondia wa Eastlands. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Dansi iliondoka ndani yangu polepole, bila kugombana nami, kama mpangaji mwema anayehama akiacha chumba kimefagiwa.

Kisha kikaja kisomo cha watu wazima, kile watu walichokiita ngumbaru wakitucheka. Kilifanyika ukumbini, alasiri. Nilikuwa nasimama mlangoni na ufagio nikisikiliza, mwalimu akaniambia, "Mama, ufagio una kiti?" Nikaingia. Mwaka ule nilikuwa mwanafunzi kuliko kitu kingine chochote. Nilisoma karatasi za kufungia nyama. Nilisoma majina kwenye milango ya nyumba zote mpaka Jericho, nikasimama kwa watu wakadhani nataka kuingia. Na baadaye, watoto walipooa na wajukuu wakaanza kuja, nikarudi mbele kanisani, kitambaa kichwani, na sauti yangu ya ngumi ikawafaa kwenye kwaya.

Siku hizi, kwa kuwa siendi kazini, naamka saa ile ile ya alfajiri na mwili haujui uende wapi. Basi nalala hivyo hivyo, macho nusu. Nauona mlango wa ukumbi, nautia ufunguo, nafungua. Jua limelala chini. Na wote wako ndani. Yule wa viatu vya maziwa anazunguka katikati, hana haraka. Yule wa bendeji amekaa kwenye benchi, vidole vyake havitulii. Mwanafunzi yuko karibu na dirisha anasoma kipande cha gazeti chenye mafuta. Wa kanisa anapanga viti. Hawasemezani, lakini hakuna anayemfukuza mwenzake. Nami nasimama mlangoni bila viatu, nangoja kuona ni yupi atainua kichwa aniite kwa jina langu. Huwa nachukuliwa na usingizi kabla hawajaita.

Kwa hiyo vijana, nta ni Jumamosi asubuhi. Sasa mnajua kwa nini.

Jumapili ijayo nyumbani kwangu kuna chai ya shukrani kwa kustaafu kwangu, mnajua, mmealikwa. Mwanangu Kamau ameandika karatasi ya kusoma mbele ya pasta. Jana alinisomea. Inasema mama yetu alikuwa mcha Mungu, mwaminifu kazini, mlezi. Nikamuuliza, "Na huyo mwingine?" Akasema, "Mwingine nani, Mama?" Mkewe, ambaye ana akili zaidi, akatazama chini kwenye karai la maharagwe.

"Mmempangia Barasa wapi?" nikauliza.

"Nje, Mama, kwenye hema, pamoja na vijana wa ngumi," Kamau akasema. "Unajua yule mzee akianza kuongea. Atasema mambo ya dansi. Atasema ya mkono wake. Pasta atakuwa pale."

Nikaweka kikombe chini, nikawaita wote, hata watoto waliokuwa wanacheza uani, nikasubiri mpaka wamesimama. Nikawaambia: Barasa akae ndani, kiti cha mbele. Atazungumza kabla ya karatasi ya Kamau na kabla ya pasta. Na mtu yeyote wa nyumba hii asimwambie afupishe.